Maswali ya Wasomaji: Sauti za Wanawake katika X-Men '97

Katika toleo lililopita tuliigusia kwa aya chache katuni ya X-Men, ile ya mashujaa waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, iliyorudi, na barua zilizofika katika meza hii baada ya hapo zimezidi sana zile aya zenyewe. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: katuni iliyokoma zamani inapofufuliwa, ni nani mwenye haki ya kusema tena kwa kinywa cha mhusika? Kwa wale ambao hawakuifuata, mfululizo wa kwanza ulirushwa nchini Marekani kuanzia tarehe 31 Oktoba 1992 hadi Septemba 1997, vipindi 76 kwa jumla, na sauti zake zilirekodiwa Toronto, Kanada. Ulirejeshwa kwa jina la X-Men '97 tarehe 20 Machi 2024, na hadithi yake inaendelea pale ilipoachwa. Ugumu wote umo humo. Wahusika wamebaki karibu na umri waliokuwa nao, ilhali waigizaji wao wameongeza miaka 27.

*

Ndugu Mhariri, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi tulipokuwa tukikodi kanda za video za X-Men mtaani kwetu. Juzi niliiwasha hii mpya nikiwa bado jikoni, na nilimtambua Rogue kwa sauti kabla sijamwona. Jubilee, hata hivyo, si yule. Nimeumia kidogo. Je, mwigizaji wake wa zamani alinyimwa kazi? Na huyu mpya alichaguliwa kwa lipi? — Msomaji, Mombasa.

Ndugu msomaji, hakunyimwa. Jubilee wa miaka ya tisini aliigizwa na Alyson Court, Mkanada aliyekuwa bado kijana wakati huo, na ni yeye mwenyewe aliyekiacha kiti. Mhusika huyu, ambaye jina lake kamili ni Jubilation Lee, ni Mmarekani mwenye asili ya Kichina. Court ni Mzungu. Mfululizo mpya ulipokuwa ukiandaliwa, Court alieleza hadharani kwamba anaona inafaa nafasi hiyo ipewe mwigizaji mwenye asili ya Asia, na hatimaye ikaenda kwa Holly Chou.

Uamuzi wake haukutoka hewani. Mwezi Juni 2020, mjadala wa ubaguzi ulipopamba moto nchini Marekani, waigizaji kadhaa walijiondoa katika sehemu za wahusika wasio wa asili yao. Jenny Slate aliacha sauti ya Missy katika katuni ya Big Mouth, ikachukuliwa na Ayo Edebiri. Kristen Bell aliacha ya Molly katika katuni ya Central Park, ikachukuliwa na Emmy Raver-Lampman. Na watayarishaji wa katuni ya The Simpsons wakatangaza kwamba waigizaji Wazungu hawatatumika tena kwa wahusika wasio Wazungu. Wapo waliolalamika kwamba sauti haina rangi. Mimi nasema sauti haina rangi, lakini mlango wa studio ulikuwa nayo kwa miaka mingi. Waigizaji wenye asili ya Asia hawakuwa wakiitwa kusoma nafasi za kina Brown na kina Smith, na hata nafasi ya binti wa Kichina ilipotokea, hiyo nayo ilimwendea mwingine.

Jambo ambalo pengine hukulitambua, na ambalo nadhani litakupunguzia maumivu, ni kwamba ile sauti ya zamani umeisikia. Rudi katika kipindi cha nne. Jubilee anatimiza miaka 18, ananaswa ndani ya mchezo wa video, na huko anakutana na mwanamke mtu mzima anayeitwa Abscissa, ambaye ni yeye mwenyewe aliyekwisha kukomaa. Sauti ya Abscissa ni ya Alyson Court. Kwa hiyo Jubilee wa jana anazungumza na Jubilee wa leo katika onyesho moja, na anayemwongoza mwenzake ni yule wa jana. Katika katuni zote zilizorejeshwa ambazo nimezitazama, sijaona makabidhiano yaliyofanywa kwa adabu kubwa kuliko hayo, wala yaliyoingizwa ndani ya hadithi kwa werevu kama huo.

Uliuliza Chou alichaguliwa kwa lipi. Nikimsikiliza, simsikii akimwiga Court, na hapo ndipo ninapoona mkono wa mwongozaji wa sauti anayeijua kazi yake. Anayeiga hushika mawimbi ya juu tu ya sauti, na mhusika anapofika penye kilio, kicheko cha ghafla au hasira iliyobanwa, yaani mahali ambapo mwigizaji wa kwanza hakuacha mfano wa kufuata, mwigaji hana cha kushika. Chou ameshika haraka ya yule binti, ujeuri wake na ile hofu ya kuachwa nyuma ambayo ujeuri huo unaificha. Vumilia vipindi vitatu au vinne. Sikio nalo linahitaji muda wa kumzoea mgeni.

Ama kuhusu Rogue, sikio lako halikukudanganya: ni Lenore Zann yuleyule. Kwa miaka mingi aliingia katika siasa. Alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo la Nova Scotia kuanzia 2009, kisha mbunge wa taifa la Kanada kuanzia 2019 hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa Septemba 2021. Mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba X-Men inarudi. Alipoonekana tena na sauti ile, alikuwa amevuka umri wa miaka 60, naye akapewa mzigo mzito kuliko wote waliowahi kubebeshwa Rogue: maombolezo ya kipindi cha tano, ambayo sitayaeleza zaidi kwa heshima ya wale ambao bado hawajafika hapo.

Sauti ya mwanamke hushuka kadiri umri unavyosonga, kwa sababu nyuzi za koo huwa nene. Rogue tangu mwanzo alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo na lafudhi ya Mississippi, hivyo miaka iliyopita imemnyang'anya Zann kidogo sana, na naamini imempa kitu pia. Maombolezo yale yasingesikika hivyo katika koo la mwanamke wa miaka 30.

*

Mhariri, nakubaliana na suala la Jubilee. Lakini Jean Grey je? Mwigizaji wake wa kwanza yuko hai, tena yumo katika mfululizo huuhuu akiigiza mtu mwingine. Kama yuko studioni, kwa nini asirudishiwe nafasi yake? Mimi naona ni dharau. — Msomaji, Minneapolis.

Unamzungumzia Catherine Disher. Ni kweli: aliyekuwa Jean kuanzia 1992 sasa anaigiza Valerie Cooper, afisa wa serikali, na Jean amepewa Jennifer Hale, mmoja wa waigizaji wa sauti wenye kazi nyingi zaidi Marekani, ambaye aliwahi kumwigiza Jean huyuhuyu katika Wolverine and the X-Men mwaka 2009.

Neno dharau ni kali, nami sitalitumia, ingawa nakiri kwamba katika orodha nzima ya waigizaji hii ndiyo sehemu inayonikaa vibaya. Tazama kwanza walivyofanya kwa wengine. Chris Potter, aliyekuwa Gambit, amerudi akiwa Cable, na Gambit amepewa A.J. LoCascio. Court tumeshamtaja. Norm Spencer wa Cyclops na David Hemblen wa Magneto walifariki mwaka 2020, kwa hiyo nafasi zao hazikuwa na budi kupata watu wapya. Inaonekana wazi kwamba watayarishaji walitaka kila mkongwe aliye hai apate mahali pa kukaa ndani ya nyumba, hata pale ambapo chumba chake cha zamani amepewa mwingine. Hiyo si dharau.

Tazama pia ni nini kilichotakiwa kwa Jean safari hii. Katika kipindi cha tatu anagawanyika kuwa wanawake wawili, yeye na Madelyne Pryor aliyeumbwa kwa mfano wake, na koo moja linapaswa kusema kwa nafsi mbili zinazofanana kama mapacha na zinazochukiana, bila msikilizaji kupotea. Hale anaifanya kazi hiyo kwa umahiri ambao sina shaka nao. Hata hivyo Jean wa Disher alikuwa na jambo ambalo wakati huo wengi waliliona kasoro: akitumia nguvu zake za akili, alikuwa akizitamka kwa mayowe na pumzi zilizokatika, karibu kupita kiasi, mpaka mtoto aliyekaa mbele ya televisheni aliamini kwamba kufikiri kunaweza kumuumiza mtu. Nimemkosa. Ningependa kumsikia akijaribu hata Madelyne peke yake.

Ukitaka kuona mahali ambapo malalamiko yana msingi imara zaidi, tazama katuni ya The Powerpuff Girls. Mfululizo wa kwanza, wa 1998 hadi 2005, uliwahusu wasichana watatu, na sauti zao zilikuwa za Cathy Cavadini, Tara Strong na E.G. Daily. Uliporejeshwa mwaka 2016, wote watatu walibadilishwa, nafasi zikapewa Amanda Leighton, Kristen Li na Natalie Palamides, na Strong hakuficha uchungu wake hadharani. Wakati huohuo, Tom Kane alirudi kuwa Profesa Utonium, Tom Kenny akarudi kuwa Meya, na Roger L. Jackson akarudi kuwa Mojo Jojo. Wanaume wa pembeni waliitwa. Wanawake waliobeba jina la katuni yenyewe wakaachwa. Waigizaji wapya hawana kosa lolote, na ni vijana wenye kipaji, lakini walirithishwa kinyongo ambacho hawakukitengeneza. Kila kipindi walichorekodi kilisikilizwa na watu wenye sauti nyingine masikioni. E.G. Daily, nafurahi kusema, alirudi mwaka 2021 katika nafasi nyingine iliyompa jina, ile ya Tommy wa katuni ya Rugrats.

Kwa hiyo kipimo changu, msomaji wangu wa Minneapolis, ni kuulizwa. Mwigizaji aliye hai na anayeweza kufanya kazi aulizwe kabla ya mtu mwingine yeyote kuitwa kwenye usaili, aelezwe uamuzi na sababu zake kabla magazeti hayajaelezwa, na akipewa nafasi nyingine, iwe nafasi yenye maneno ya kusema. Kipimo hicho hakimhakikishii kurudi. Japani nao, Sailor Moon, ambayo kwa bahati ilirushwa miaka ileile ya 1992 hadi 1997, ilipotengenezwa upya mwaka 2014 kwa jina la Sailor Moon Crystal, alirudi mmoja tu kati ya wale mashujaa wa kike, Kotono Mitsuishi anayemwigiza Usagi, shujaa mkuu, na waliomzunguka wakawa wapya. Walibakiza nguzo ya katikati. Sidhani ni njia mbaya, ingawa najua ziko familia zilizogawanyika kwa hilo.

*

Shikamoo Mhariri. Storm ni binti wa mama Mkenya. Umekubali kwamba Jubilee alistahili sauti ya mtu wa asili yake. Mbona Storm hajapewa Mkenya? Au sisi hatuhesabiwi? — Msomaji, Nakuru.

Marahaba. Swali lako limenifanya niyapitie upya maneno yangu mwenyewe, na hilo ni jambo jema.

Storm, ambaye jina lake halisi ni Ororo Munroe, alibuniwa mwaka 1975. Mama yake, N'Dare, ni binti wa kifalme kutoka Kenya; baba yake ni mpigapicha wa habari Mmarekani; amezaliwa New York, amekuwa yatima Cairo akiwa mdogo, kisha akasafiri kwa miguu kuelekea kusini mpaka tambarare za Serengeti, ambako watu walimwona kama mungu wa mvua. Huyo ni mtu wa njia nyingi, na lafudhi yake ingeweza kuwa ya mahali pengi. Mfululizo wa 1992 ukachagua kutompa lafudhi ya mahali popote hasa. Anaziamuru pepo na radi kama malkia wa jukwaani, kwa maneno marefu yanayotamkwa kwa ukamilifu, na kwa kizazi kizima hiyo ndiyo Storm.

Sauti hiyo ni ya Alison Sealy-Smith, mzaliwa wa Barbados aliyejenga maisha yake ya tamthilia Toronto, ambako ni miongoni mwa waanzilishi wa kundi la Obsidian, kundi la maigizo ya watu weusi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tunalisahau: yeye hakuwa wa kwanza. Katika msimu wa kwanza Storm aliigizwa na Iona Morris, Mmarekani mweusi. Sealy-Smith alichukua nafasi baada yake, na katika baadhi ya vipindi vile vya mwanzo maneno ya Morris yalirekodiwa upya kwa sauti ya aliyempokea. Sauti tunayoiita ya asili, ambayo tungeandamana kama ingebadilishwa, ni sauti ya mrithi. Wasomaji wanaomhukumu Holly Chou kwa sababu amekuja wa pili wanapaswa kulikumbuka hilo.

Sasa kuhusu haki. Tofauti ninayoiona kati ya Jubilee na Storm haiko katika hati ya kusafiria. Kwa Jubilee, waigizaji wa asili yake walifungiwa mlango. Kwa Storm, mlango ulifunguliwa tangu mwanzo kwa wanawake weusi, tena mmoja wao akakaa miaka mingi na kumjenga mhusika mpaka akawa wake. Kumwondoa Sealy-Smith mwaka 2024 ili kumweka Mkenya kungekuwa kumnyang'anya mwanamke mmoja mweusi kazi ya maisha yake na kumpa mwingine, kisha tukaiita hiyo haki. Nisingeweza kuiunga mkono, hasa baada ya kumsikia katika vipindi viwili vinavyomhusu Storm aliyepoteza nguvu zake. Yule aliyekuwa akitoa amri kwa mbingu ananong'ona, na mnong'ono wake una uzito uleule.

Lakini hoja yako ina upande wenye nguvu, nami sitaufunika. Siku mhusika huyu atakapoanzishwa upya kabisa, katika hadithi mpya isiyomdai mtu yeyote wa zamani, nitashangaa na kusikitika ikiwa hakuna hata mwigizaji mmoja wa Nairobi, Kisumu au Arusha atakayeitwa kusoma. Uwezo upo. Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, alibeba filamu nzima ya katuni, The Wild Robot ya mwaka 2024, kwa sauti ya roboti inayoanza bila hisia na kujifunza umama hatua kwa hatua. Nafasi ngumu kuliko hiyo ni chache. Mnahesabiwa, mwanangu.

*

Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho hapa Bagamoyo. Nimewahi kuingiza sauti ya Kiswahili katika tamthilia ya kigeni. Nikiitwa kwenye usaili wa katuni ya zamani inayorejeshwa, nimwige mwigizaji wa kwanza au nije na yangu? — Msomaji, Bagamoyo.

Binti yangu, kazi uliyoifanya imekufundisha mambo mengi, ila hapa kuna tofauti moja ambayo ni lazima uijue kabla hujaingia studioni. Unapoingiza sauti katika tamthilia iliyokwisha kupigwa picha, midomo ya mwigizaji wa kigeni ndiyo inayokuongoza. Unafupisha au unarefusha maneno ili yaingie humo. Katuni mpya kwa kawaida huenda kinyume: sauti hurekodiwa kwanza, kisha wachoraji wanachora midomo, macho na mabega kwa kuifuata. X-Men '97 ilichorwa kwa sehemu kubwa na Studio Mir ya Korea Kusini, na wachoraji wake walikuwa na sauti za kina Zann masikioni. Kwa hiyo usisubiri picha ikupe hisia. Wewe ndiye utakayeipa picha.

Utapewa ukurasa mmoja au miwili ya mswada, na mara nyingi maelezo mafupi ya mhusika. Ikiwa wanatafuta mtu wa kufanana na sauti ya zamani, watakuambia na watakupa kipande cha kusikiliza. Sikiliza, lakini usikilize pumzi zaidi ya toni: anavuta pumzi wapi, anaharakisha neno gani, anashusha sauti akiwa na hasira au anaipandisha, anacheka kabla ya sentensi au baada yake. Hayo ndiyo mazoea ya mhusika, na ukiyashika, msikilizaji atakuamini hata kama koo lako halifanani na la mwenzako. Kisha soma mara mbili. Ya kwanza iwe karibu na ya zamani, ili wajue unaiheshimu na unaiweza. Ya pili iwe yako, kwa mtu yuleyule lakini kama unavyomwelewa wewe. Mwongozaji anayejua anachokitafuta ataisikiliza ya pili kwa makini zaidi, kwa sababu atakaa nawe misimu kadhaa na atahitaji mtu anayeweza kujibu hali ambazo mfululizo wa kwanza haukuzifikia.

Ukirekodi nyumbani, kabati la nguo lililojaa linafaa kuliko chumba kizuri chenye kuta tupu. Magodoro yaliyosimamishwa pande mbili yanafaa pia. Kaa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kipaza sauti, na ugeuze uso kidogo ili herufi kama p na b zisipige. Taja jina lako na la mhusika mwanzoni, basi, bila maelezo ya safari yako ya sanaa. Kunywa maji mapema, si dakika ya mwisho. Wengi hutafuna kipande cha tufaha la kijani ili kupunguza milio ya mate mdomoni.

Na ukiipata nafasi, omba mapema kwamba mayowe, miguno ya kupigwa, vilio na sauti za kuanguka zirekodiwe mwisho wa siku. Studio nyingi hufanya hivyo bila kuombwa, lakini si zote, na mwigizaji mchanga huona haya kusema. Sema. Ukipiga ukelele wa vita saa tatu asubuhi, sauti ya mhusika haitakuwepo saa tano, na nyuzi za koo zilizochubuka huchukua siku kadhaa kupona. Zann anaigiza mhusika aliyeanza naye mwaka 1992. Wewe nawe jitunzie koo la kukufikisha huko.